Ukurasa Mmoja, Mara Nyingi: Mwongozo wa Kujijengea Ustadi wa Kuandika Hadithi kwa Kiswahili

Wengi wanaotaka kuandika huanza na riwaya. Wananunua daftari jipya, wanaandika sura ya kwanza kwa moto mkubwa, sura ya pili inagoma, na daftari linaishia kabatini. Kipaji wanacho na kisa wanacho. Wanachokosa ni mazoezi ya kitu kidogo kinachoweza kukamilika, kusomwa, kukosolewa na kuandikwa upya.

Mwongozo huu ni wa kujenga mazoezi hayo. Nimemlenga anayetaka kuandika hadithi, ingawa mwandishi wa makala au mwanafunzi wa insha naye atapata cha kuchukua. Vifaa ni daftari, kalamu, kamusi, na ukurasa mmoja utakaokubali kuuandika mara nyingi kuliko ulivyozoea. Ninaamini kwa dhati kwamba ustadi hukaa hapo, kwenye kuandika upya.

Hatua ya 1: Tenga muda mdogo usioyumba

Usisubiri likizo wala utulivu. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, aliajiriwa ukarani serikalini mwaka 1926, akaanzia Idara ya Forodha, na kwa miaka mingi kazi yake ya mshahara ilikuwa hiyo ya ofisini. Uandishi aliufanya pembeni yake.

Nusu saa inatosha: baada ya swala ya alfajiri, au kabla watoto hawajaamka, au saa ya chakula cha mchana kazini. Kaa mahali palepale kila siku, simu iwe chumba kingine. Siku ambayo hakuna kinachokuja, nakili kwa mkono aya moja ya mwandishi unayempenda. Hiyo pia ni kazi, na hatua inayofuata itaonyesha kwa nini.

Hatua ya 2: Soma ukiwa na kalamu mkononi

Kila anayefundisha uandishi husema “soma sana”. Ni kweli, lakini mtu anaweza kusoma vitabu mia na mkono wake usibadilike, kwa sababu alisoma ili kujua nini kitatokea. Anayejifunza kuandika husoma mara ya pili, safari hii akitafuta namna kilivyotokezwa.

Njia bora ninayoijua ya kusoma hivyo ni ya zamani. Benjamin Franklin, Mmarekani aliyezaliwa Boston mwaka 1706, alikuwa kijana mwanagenzi katika kiwanda cha uchapaji cha kaka yake. Baba yake alisoma barua alizokuwa akibishana na rafiki yake, akamwambia kuwa tahajia na alama za uandishi anazijua, lakini lugha yake haina mvuto, mpangilio wala uwazi. Franklin hakununa. Alipata juzuu moja ya The Spectator, jarida la London, akapendezwa na uandishi wake, na akaanza kufanya hivi: anachagua makala, anaandika dokezo fupi la wazo la kila sentensi, anayaweka madokezo kando siku chache, kisha bila kutazama kitabu anajaribu kuiandika makala nzima kwa maneno yake. Akimaliza anafungua kitabu, analinganisha, anaona makosa yake na kuyasahihisha. Muda wake ulikuwa usiku baada ya kazi, asubuhi kabla ya kazi, na Jumapili.

Wewe fanya hivyohivyo kwa Kiswahili. Chukua ukurasa mmoja wa hadithi fupi, au makala ya gazeti uliyoipenda mpaka ukaisoma mara mbili. Kwa kila sentensi andika maneno matatu au manne tu: “anabisha mlango”, “mama anazima redio”, “harufu ya mvua”. Funga kitabu. Baada ya siku nne au tano, andika ukurasa huo kutokana na madokezo.

Kisha ulinganishe, na uwe mkali. Tafuta mahali ambapo mwandishi alitumia kitenzi kimoja wewe ukatumia maneno sita. Tafuta alichokiacha bila kukieleza, wewe ukakieleza. Tazama alivyoianza aya na mahali alipoikata. Kila tofauti iandike pembeni kwa kalamu ya rangi nyingine. Utaona kwamba makosa yako si mengi. Ni machache yanayojirudia, na ukishayajua kwa majina yake umepata ratiba ya mazoezi ya miezi mitatu.

Franklin aliongeza zoezi jingine kwa ajili ya mpangilio: aliyachanganya madokezo ovyo, akayaacha wiki kadhaa, kisha akajaribu kuyapanga upya kabla ya kuandika. Yaandike kwenye vipande vya karatasi, uvichanganye, uvipange. Anayejiona hadithi zake zinazunguka bila kufika asiruke zoezi hili.

Hatua ya 3: Weka daftari la masikio

Nunua daftari dogo la kuingia mfukoni. Kazi yake ni kuokota maneno ya watu wanaoijua kazi yao. Kwa fundi cherehani sikiliza anavyozungumzia pindo na mshono. Kwenye daladala au matatu sikiliza konda anavyobishana na abiria juu ya nauli. Msibani sikiliza jinsi watu wazima wanavyotoa pole, na wanavyonyamaza.

Faida yake utaiona kwenye sentensi. Mwandishi asiyekuwa na daftari hili ataandika: “Mama alipika wali wa nazi.” Sentensi haina kosa, na kuna mahali itatosha. Lakini kama huo upishi ndio moyo wa tukio, aliyesimama jikoni akasikiliza ataandika: “Mama akaikuna nazi, akakamua tui zito na kuliweka kando, akainjika sufuria yenye tui jepesi na chumvi. Lilipochemka akamimina mchele. Ulipoanza kukauka akamwagia lile tui zito, akafunika, akaupalia makaa juu ya mfuniko, na hakuna aliyeruhusiwa kufunua mpaka aipue mwenyewe.” Kuinjika, kupalia, kuipua: kila kitenzi kina kazi yake, na msomaji aliyekulia Pwani atausikia wali huo unavyonukia bila wewe kutaja harufu.

Andika pia namna watu wanavyoitana. Mke wa jirani si “Bi Zuhura” kwa kila mtu. Kwa mwenzake ni “Mama Juma”, kwa kijana wa duka ni “mama” au “dada” kutegemea umri, kwa mumewe ni jina jingine kabisa. Na watu hawazungumzi Kiswahili kimoja. Mtu wa Lubumbashi atasema “batoto” pale wa Dar es Salaam anaposema “watoto”. Kama mhusika wako anatoka Lubumbashi, neno moja au mawili ya kwao yakikaa mahali pake yanatosha kumweka hai. Ukimjaza maneno hayo kila mstari, msomaji wa kwingine atachoka, na wa Lubumbashi atahisi anaigizwa.

Sharti moja: usiandike jina la mtu halisi wala siri yake. Okota lugha, mwachie mwenyewe maisha yake.

Hatua ya 4: Andika ukurasa mmoja mpaka mwisho

Maneno 300 hadi 400, tukio moja, mahali pamoja, watu wawili. Wawili wana maana, kwa sababu mmoja akitaka kitu na mwingine akawa na sababu ya kukizuia, tayari una hadithi. Haya ni matukio ya kuanzia:

- Mgeni amekuja kukopa pesa, lakini mazungumzo yote yanahusu mvua na afya za watoto. Neno “kopa” lisitajwe.
- Dada wawili wanagawana vyombo vya mama yao aliyefariki. Wote wanautaka mwiko uleule.
- Kijana amefeli mtihani. Baba yake anajua, kijana hajui kama baba anajua. Wanarekebisha baiskeli.

Andika kwa kasi, usirudi nyuma kusahihisha, ufike mwisho. Rasimu ya kwanza ina wajibu mmoja tu, kuwepo. Ukimaliza, andika tarehe juu ya ukurasa na uulaze angalau usiku mmoja.

Hatua ya 5: Uandike upya

Hapa ndipo ninapotaka ukae kuliko mahali pengine popote. Tufanye kazi na mfano nilioutunga kwa ajili hii. Rasimu ya kwanza ni ya namna ninayokutana nayo mara nyingi:

“Ilikuwa ni siku ya Jumamosi ambapo Mzee Salehe alikuwa amekaa katika kibaraza chake huku akiwa na mawazo mengi sana kuhusiana na suala la mtoto wake ambaye alikuwa anaishi Muscat. Alikuwa anahisi huzuni kubwa. Simu ilianza kulia na aliweza kuipokea kwa haraka. Mtoto wake alimwambia kwamba hataweza kuja kwa ajili ya sikukuu ya Idi. Mzee Salehe alijisikia vibaya sana lakini hakutaka kuonyesha hisia zake.”

Kisa kipo, na ni kizuri: mzee wa Unguja, mwanawe yuko Omani, Idi ya Mfunguo Tatu inakaribia. Lakini tumeambiwa kila kitu na hatukuona chochote. Sasa rasimu iliyofanyiwa kazi:

“Simu ilipolia, Mzee Salehe aliidaka kabla mlio wa kwanza haujaisha.

‘Shikamoo, baba.’

‘Marahaba, mwanangu. Tiketi umeshakata?’

Kimya. Magari yalipita upande wa pili.

‘Baba, Idi hii siji. Kazini wamenikatalia ruhusa.’

‘Hamna neno. Si na huko Muscat wanaswali Idi?’ Akaihamishia simu sikio la pili. ‘Mbuzi tutamchinja. Mguu wako nitawapelekea majirani.’

Akakata simu, akabaki ameishika, akimtazama mbuzi aliyefungwa mwembeni akitafuna majani.”

Jumamosi imeondoka, kwa kuwa hakuna kinachotokea hapa ambacho kisingetokea Jumatano. “Mawazo mengi sana”, “huzuni kubwa” na “alijisikia vibaya sana” zimeondoka zote tatu. Nafasi yake imeshikwa na mzee anayeidaka simu, anayeuliza tiketi kabla ya kuuliza hali, anayetaja mguu wa mbuzi aliokwisha kumtengea mwanawe. Mtoto amepata sauti yake. Muscat imehama kutoka kwenye maelezo ikaingia kinywani mwa mzee, na huko inafanya kazi mbili: inatujulisha mwana yuko wapi, na inamsaidia baba kujifanya hajaumia.

Huwezi kuyafanya yote hayo kwa mkupuo mmoja. Pitia ukurasa mara kadhaa, kila mara ukitafuta kitu kimoja.

Mpito wa kwanza ni wa kukata. Kuna maneno yanayoingia kwenye Kiswahili chetu cha maandishi kutoka ofisini na kwenye taarifa za habari, nayo huja bila kuitwa: “suala la”, “kuhusiana na”, “kitendo cha”, “kwa ajili ya” pasipohitajika, “kuweza” isiyohusu uwezo wowote. “Alifanya uamuzi wa kuondoka” ni “aliamua kuondoka”, na mara nyingi ni “akaondoka” tu. Piga mstari juu ya kila moja ya hizo, usome sentensi bila yake. Kama haikupungukiwa na kitu, usirudishe.

Mpito wa pili ni wa “amba-”. Mwanafunzi anayeogopa virejeshi hukimbilia huko kila mara: “mwanamke ambaye alinunua samaki”, “nyumba ambayo ilibomoka”. Kiswahili kina njia fupi: “mwanamke aliyenunua samaki”, “nyumba iliyobomoka”. Kirejeshi huingia ndani ya kitenzi kwenye wakati uliopita wa -li-, uliopo wa -na-, ujao kwa umbo la -taka-, na kwenye kanushi ya -si-. Kwenye -me- hakiingii, kwa hiyo “mwanamke ambaye amenunua samaki” ni sahihi na iache hivyo. Baada ya mpito huu ukurasa wako utapungua mistari, na utasomeka kwa wepesi ambao hukuutarajia.

Mpito wa tatu ni wa nyakati, na huu naupenda kuliko yote, kwa sababu hapa Kiswahili kina utajiri ambao waandishi wengi wanaulalia. Soma hii: “Aliamka. Alinawa uso. Alifungua mlango. Alimwona paka.” Kila sentensi inasimama peke yake, na msomaji anaanza upya kila mara. Sasa hii: “Aliamka, akanawa uso, akafungua mlango, akamwona paka.” Ile -li- ya kwanza inafungua mlango, na -ka- zinazofuata zinasukuma tukio mbele, moja ikizaa nyingine. Hivyo ndivyo bibi zetu walivyotusimulia, na sikio la msomaji linaitambua mara moja.

Lakini -ka- nyingi mno nazo huchosha. Inahitaji kuvunjwa na kitu kilichotulia, na hapo ndipo -ki- inapokuja: “Alimkuta shangazi akichambua mchele.” Shangazi alikuwa akichambua kabla hatujafika na ataendelea tukiondoka, tukio lina nyuma yake. Ile -po- hufunga mambo mawili kwa pamoja, kama “simu ilipolia, aliidaka”. Na hu- hutupa mazoea ya siku zote: “Jioni Mzee Salehe huketi barazani na kahawa yake.” Chukua kalamu nne za rangi, upigie mstari kila wakati kwa rangi yake. Ukurasa wenye rangi moja tu unakuonyesha pa kurekebisha.

Mpito wa nne ni wa mwanzo na mwisho. Jaribu kufuta sentensi yako ya kwanza, kisha ya pili, mpaka ufike kwenye ile ambayo kitu kinatokea. Fanya hivyohivyo mwishoni: kama sentensi ya mwisho inamweleza msomaji ahisi nini, ikate na utazame kama iliyotangulia inatosha. Katika mfano wetu, nilipoondoa “hakutaka kuonyesha hisia zake”, mbuzi alibaki amesimama pale na kazi ikawa imeisha.

Hatua ya 6: Geuza hadithi iwe shairi, kisha uirudishe

Franklin alipogundua kwamba hazina yake ya maneno ni ndogo, alizigeuza baadhi ya hadithi kuwa mashairi, akaziacha mpaka alipousahau mtiririko wa nathari, yaani maandishi yasiyo shairi, halafu akazirudisha. Alieleza kwamba vina na vipimo vinamlazimisha mtu kutafuta maneno mengi ya maana moja yenye urefu na sauti tofauti.

Sisi zoezi hili linatufaa zaidi kuliko lilivyomfaa yeye. Tarbia ipo hai, inasomwa redioni na kuchapwa magazetini, na vipimo vyake mtoto wa sekondari anavijua: mishororo minne, kila mmoja mizani 16 iliyogawanyika 8 na 8, vina vya kati na vya mwisho. Nimelijaribu tukio la Mzee Salehe, yeye mwenyewe akisema:

Simu yangu ililia, moyo ukafurahika,
Mwana alinipigia, sauti ikakatika,
Ruhusa walizuia, safari ikavunjika,
Mbuzi ninamwangalia, sikukuu imefika.

Si shairi la kushindania tuzo. Tazama tu lilivyofanya kazi. “Kazini wamenikatalia ruhusa” haikuingia kwenye mizani 8, ikabidi nitafute “ruhusa walizuia”. Na kwa kutafuta kina cha “-ka” nilipata “sauti ikakatika”, ambayo ni bora kuliko lile “Kimya” la rasimu yangu. Kimya ni hali ya simu yoyote; sauti inayokatika ni ya mtoto anayeogopa kusema. Nikirudi kwenye nathari ningeandika: “Sauti ikakatika. Magari yalipita upande wa pili.” Badiliko dogo, lakini nisingelifikia kwa kukaa nikiitazama nathari.

Wewe andika beti mbili tu za tukio lako. Hesabu silabi kwa vidole. Wiki moja baadaye geuza beti hizo kuwa nathari bila kutazama rasimu ya zamani, kisha linganisha zote mbili na uchukue bora kutoka kila upande.

Hatua ya 7: Soma kwa sauti

Simama, soma ukurasa wote kwa sauti ya kawaida, ukijirekodi kwa simu. Mahali ulipoishiwa pumzi, sentensi imezidi. Mahali ulimi ulipojikwaa, kuna maneno yaliyobanana. Mahali ulipobadilisha neno bila kukusudia, mdomo umesahihisha kalamu, fuata mdomo. Mazungumzo yapime kwa kumsomea mtu mstari mmoja bila kumwambia nani anasema. Kama hawezi kukisia hata kama ni mzee au kijana, wahusika wako wote wanazungumza kwa sauti yako.

Hatua ya 8: Mpe mtu asome

Tafuta wasomaji wawili wa aina tofauti. Mmoja awe mtu anayesoma hadithi. Mwingine awe anayelijua jambo lenyewe: umeandika juu ya fundi cherehani, msomee fundi cherehani. Wa kwanza atakuambia hadithi inasimama au haisimami, wa pili atakuambia umedanganya wapi.

Usiulize “unaionaje?” Kwa adabu zetu atajibu “nzuri sana, hongera”, na utarudi nyumbani mikono mitupu. Mpe penseli na maswali yanayojibika: Ulichoka wapi? Wapi ulilazimika kurudia kusoma? Nani hukumwelewa? Ukimsimulia jirani hadithi hii, ungeanzaje? Swali la mwisho lina thamani kubwa, maana atakusimulia alichokisoma kweli, na mara nyingine si ulichodhani umeandika.

Kama anayesoma ni mkubwa kwako, mwalimu wako wa zamani au mjomba, mwombe kwa heshima yake lakini umwambie wazi kwamba unataka makosa: “Mwalimu, nakuomba unipigie mstari kila panapokukera, usiniachie hata kimoja.” Ruhusa hiyo itamfungua mkono. Wakati anazungumza, andika tu. Usijitetee wala usieleze ulikusudia nini, kwa kuwa hutakuwepo kumweleza kila msomaji. Ukitulia nyumbani ndipo uamue lipi la kufuata. Jambo moja likitajwa na wote wawili, lifanyie kazi hata kama linakuuma.

Mkiwa wanne au watano mnaoandika, undeni kikundi cha kukutana kila baada ya wiki mbili. Kila mtu ukurasa mmoja, mwandishi hasemi neno mpaka wote wamalize. Utaratibu huo mmoja unatosha.

Hatua ya 9: Safisha lugha

Hii ni ya mwisho kabla ya kupeleka, kwa sababu hakuna faida ya kunyoosha tahajia ya sentensi utakayoifuta. Weka kamusi mezani. Kamusi ya Kiswahili Sanifu na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa, Tanzania) zote zinafaa. Yanayonaswa mara nyingi ni haya: “kwa sababu” na “kwa hiyo” huandikwa mbali; “katika” na “-ni” havikai pamoja, ni “mezani” au “katika meza”; ni “gari langu” na “magari yangu”; r na l zinabadilisha maana kabisa, mtu akienda kupiga kura wewe ukaandika “kula”. Orodhesha makosa yako mwenyewe nyuma ya daftari, na kila ukurasa upitishe kwenye orodha hiyo.

Ndani ya mazungumzo mwachie mhusika lugha yake. Mwuza genge akisema “gari yangu”, hiyo ni sauti yake, na kamusi haina neno hapo.

Hatua ya 10: Peleka

Ukishakuwa na kurasa kadhaa zilizopita hatua zote hizi, baadhi zitaonekana zinataka kuwa hadithi nzima. Zikamilishe, uzitoe nje. Mashindano yamewahi kufungua milango mikubwa katika fasihi yetu: Mohamed Said Abdulla wa Zanzibar, mwandishi wa habari wa siku nyingi, alishinda shindano la hadithi za Kiswahili la East African Literature Bureau la 1957 na 1958, na kisa chake kikatoka kitabu mwaka 1960. Leo kuna Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 ikiitwa Mabati-Cornell, inayopokea nathari na ushairi. Tanzania kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Tangazo la mwaka husika ulisome lote, neno kwa neno: idadi ya maneno, aina ya faili, tarehe ya mwisho, kama jina lako linatakiwa lisionekane kwenye mswada. Ukikosea masharti haya, huenda mswada ukawekwa kando kabla haujasomwa.

Kabla ya kutuma, hifadhi nakala mahali pawili, na usizitupe rasimu za nyuma. Ziweke kwenye bahasha moja, kila moja na tarehe yake. Majibu huweza kuchukua miezi, na katika miezi hiyo uwe na ukurasa mwingine mezani uliokwisha andikwa nusu.